Matobolwa ya Nyamizi

Kila palipopikwa nyama, Jumbe Lushinge alikuwa ameshakaa. Siku Nyamizi alipochinja mbuzi wake wa pekee awalishe majirani waliomlimia shamba, jumbe alitangulia kufika.

"Nitakula kwanza," alisema. "Nitakachobakiza ndicho chao."

"Ndiyo, baba," Nyamizi alijibu akipiga goti. "Ila nyama bado ngumu. Tafuna kwanza haya matobolwa, tumbo lisilalamike."

Akamwekea ungo mzima wa vipande vya viazi vitamu, vilivyochemshwa kisha vikaanikwa mpaka vikakauka kama kuni. Lushinge alipoonja utamu wake, hakuinua kichwa mpaka ungo ukabaki mtupu.

"Kiu, mama!"

"Pole, baba. Maji haya hapa." Akampa kibuyu, akampa na cha pili.

Nyama ilipoiva, Nyamizi alimwekea paja zima. Lushinge alilitazama, akashika tumbo lililokaza kama ngoma, akashindwa hata kuinama.

"Umenilisha nini, we mwanamke?"

"Viazi tu, baba. Jua lilivinyang'anya maji siku kumi, nawe umevirudishia yote." Kisha akawageukia majirani: "Karibuni, jamani. Jumbe amebakiza."