Kilima Kisicho na Paa

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie, ila sikio moja likae macho, kwa sababu mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kuna kilima kiitwacho Ndolwe, huko juu ambako ukungu hauondoki mpaka jua lichoke kuubembeleza. Hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Wakesho, mjane, alikuwa na ndoto. Akiota jambo, asubuhi alilikumbuka lote, mpaka rangi ya shuka aliyojifunga mtu. Mghanga alikuwa na mikono. Yeye alikuwa fundi wa kuezeka, na nyumba aliyoigusa haikuvuja hata tone. Na Shako, kijana wa maneno, alikuwa na ulimi. Wengine walisema ni mvivu tu aliyejua kuongea, na mimi siwakatalii sana.

Siku hizo Waingereza ndio waliotawala, na walikuwa wameleta kodi ya nyumba. Kila mwaka karani alipanda kilimani na askari wawili na kitabu kikubwa, akapita mlango hadi mlango akihesabu. Sheria yake ilikuwa fupi: penye paa pana kodi. Asiye na shilingi alichukuliwa mbuzi, na asiye na mbuzi aliteremshwa kwenye mashamba ya mkonge akalipe kwa jasho. Watu walinung'unika, wakalipa. Mwaka uliofuata wakanung'unika tena, wakalipa tena.

Sasa, watu wa Ndolwe walikuwa na desturi yao. Mume alikuwa na nyumba yake na mke yake, na mmoja akifa, nyumba ya marehemu haikubomolewa. Haikulaliwa, wala moto haukuwashwa ndani yake. Iliachwa ianguke yenyewe, unyasi mmoja mmoja, kwa sababu waliamini marehemu naye huondoka polepole hivyo hivyo. Hata miaka kumi ingeweza kupita. Karani alielezwa jambo hilo akatia pamba masikioni. Yeye aliona paa, akaandika. Ndivyo watu wa Ndolwe walivyojikuta wanalipia mpaka wafu wao.

Alfajiri moja Wakesho akamwota mumewe, Righa. Alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, kofia mkononi, nyasi za paa zikimdondokea mabegani kama mvua nyepesi. Akauliza kwa upole, "Mke wangu, kwani na usingizi wangu unauzwa?"

Wakesho akaamka na machozi shingoni. Jua lilipochomoza, karani huyo uani.

"Mama, wewe nyumba mbili," alisema karani.

"Moja, mwanangu. Ile pale ni ya Righa."

"Righa yuko wapi?"

"Amekufa, huu mwaka wa tatu."

"Basi mlipie."

"Simlipii. Nimeongea naye leo alfajiri, na yeye pia hataki."

Askari wakacheka. Wakesho akaenda kuketi mlangoni pa marehemu, akanyoosha miguu, akafunga mdomo. Walimbeba juu juu hadi boma, wakamtia rumande, na nyumba ya Righa wakaichoma moto. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu wa Ndolwe aliyewahi kumwambia karani hapana. Moshi wa nyumba ile ulikaa kilimani mpaka jioni ukichanganyika na ukungu, na watu waliuvuta wakiwa wameinamisha vichwa kwa aibu.

Nyumba ile ilikuwa imeezekwa na Mghanga. Siku nzima aliyatazama majivu yake, hakula. Kesho yake alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe akaanza kulishusha paa.

"Baba watoto, una nini?" mkewe aliuliza kutoka chini.

"Karani anahesabu mapaa. Basi asikute paa."

Hakukata kitu. Alifungua kamba moja moja, akaziweka nyasi mafungu mafungu ili siku moja zirudi mahali pake. Alipomaliza kwake akaenda kwa jirani, na jirani naye akashika ngazi. Ndani ya siku tatu kilima kizima kikabaki kuta tupu. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanasema zilikuwa siku za ajabu, kama Ndolwe yote imehamia ndani ya ndoto ya Wakesho. Ukungu uliingia bila hodi ukalala na watu vitandani. Ndege walitua kwenye vyungu. Bibi mmoja alisema hakuwa amejua kwamba mwezi hupita juu ya kitanda chake kila siku, na yeye amezeeka bila kuuona.

Karani alipanda, akafungua kitabu, akatazama huku na huku, akakifunga. Bwana Shauri, mzungu aliyetawala wilaya kutoka bomani, aliposikia habari hizo alisema tu kwamba mvua itawafundisha adabu.

Na mvua ikaja. Mghanga alikuwa amekadiria bado mwezi mzima, lakini mikono yake ilijua nyasi, mawingu haikuyajua. Ilinyesha siku kumi na moja, na hakuna aliyerudisha hata fungu moja la nyasi. Mkewe Mghanga alikuwa na mapacha wa kike, wachanga wa miezi minne. Mmoja alishikwa na kifua, na siku ya tisa wakamzika. Mghanga alichimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe, akarudi kuketi ndani ya kuta zake tupu, na paa hakulirudisha. Wapo waliomwita shujaa na wapo waliomwita katili.

Siku ya kumi na mbili Bwana Shauri, alipoona mvua haikuwafundisha, akalegea. Wakesho akaachiwa, na ikatangazwa kwamba nyumba za marehemu hazitahesabiwa tena. Watu wakaezeka, wakapika pombe, wakasema mambo yamekwisha.

Shako hakuona kama yamekwisha. Alichukua konzi ya nyasi zilizolowa mvua ile, akazifunga kwa uzi, akateremka. Alikwenda mlima hadi mlima, soko hadi soko, akasimulia habari za mjane na za mvua, huku akizinyanyua nyasi zile watu wazione. Mahali pa kwanza walimwambia, "Nasi tunataka tupunguziwe."

"Mpunguziwe na nani?" Shako akauliza.

"Na Bwana Shauri."

"Mama mmoja kwetu amesema mumewe si wa kuhesabiwa na mgeni, na mgeni amekubali. Njia nzima nimekuwa nikijiuliza. Ikiwa wafu wetu si wake, sisi tulio hai ni wa nani?"

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Swali lile lilimtangulia Shako kila alikokwenda. Alikuta watu wanaulizana kisimani, wanaulizana kwenye foleni ya kulipa kodi yenyewe. Miaka miwili baadaye, kwenye mikutano, kodi ilikuwa haitajwi sana. Lililotajwa lilikuwa uhuru. Ndipo wakamkamata. Walimfunga miaka sita, na chumba chenye unyevu kikamla koo. Alirudi nyumbani akiongea kwa kunong'ona, yeye ambaye sauti yake ilikuwa ikivuka bonde.

Miaka ikapita, na Waingereza wakakubali kuondoka. Boma likaleta habari: asubuhi ya uhuru bendera ya zamani itashushwa na mpya kupandishwa, na kwa kuwa moto wa kudai uhuru ulianzia Ndolwe, mtu mmoja wa Ndolwe ndiye atakayevuta kamba. Mmoja tu. Mlingoti ni mmoja na kamba ni moja.

Asubuhi hiyo watu walijaa bomani, ukungu umewafika magotini. Bendera mpya ilikuwa imekunjwa ndani ya ungo. Upepo uliipigisha kamba kwenye mlingoti, ko, ko, ko. Na wale watatu walikuwa hapo chini yake, kila mmoja akiitaka kamba.

"Mimi naitaka, sijifichi," alisema Wakesho. "Neno la kwanza lilikuwa langu. Nisingelisema, mngekuwa mnalipa mpaka leo."

"Kwa heshima zote, mama," Shako alinong'ona, na watu wakasogea ili wamsikie, "neno lako lingeishia mlangoni kwako, na kuta za fundi zingeishia kilimani. Mimi ndiye niliyeyabeba mpaka nchi ikayasikia. Tazama nilichobakiwa nacho."

Mghanga alikuwa akiitazama kamba, kwa jicho la mtu ajuaye kamba. "Mimi nina kaburi," alisema.

"Hata mimi walinichomea," Wakesho akasema.

"Walikuchomea nyumba ya mtu aliyekwisha kufa, mama."

Wakesho akaanza kulia. Shako akamgeukia Mghanga, akamwambia taratibu, "Fundi, mvua ile hakuileta Mwingereza."



Naam, bendera ilipanda. Lakini mkono ulioivuta ulikuwa wa nani, sitawaambia, wala msinitake niamue. Mapacha wa fundi Mghanga walikuwa wawili. Mmoja alizikwa siku ile ya tisa. Mwingine ndiye anayewasimulia. Tulikuwa tumefunikwa ngozi moja, na mpaka leo nikiota, huota mvua. Siku nyingine natamani baba angeishika kamba ile kwa mikono yote miwili. Siku nyingine natamani asingeigusa kabisa.

Ninyi hamkunyeshewa. Je, kamba mngempa nani?