Viti Sita vya Santa Eduvigis

Katika jangwa la Atacama mvua ni habari ya kusimuliwa na wazee, nao wengine hawaaminiwi. Katikati ya ukavu huo, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Calama, umesimama mji mdogo uitwao Santa Eduvigis. Zamani watu elfu tatu walichimba shura hapo, ile chumvi ya kutengenezea mbolea na baruti. Shura ilipokosa soko, wote walihama katika mwezi mmoja, wakaacha nyumba, kanisa, duka na jumba la sinema vikikauka juani kama ngozi iliyowambwa. Chumvi ya ardhi ile haiozeshi kitu. Buti lililotupwa miaka hamsini iliyopita bado lina kamba zake.

Nélida Choque hakuwa na haja na mji huo hadi siku mkubwa wake wa kazi alipomwita ofisini.

Nélida alikuwa fundi wa mitambo katika mgodi wa shaba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefungua na kufunga bolti nene kama ngumi, akasifika kwa sikio lake. Mashine ikinguruma, yeye hutaja inakoumwa kabla kifuniko hakijafunguliwa.

"Nina nafasi mbili," mkubwa huyo, don Baltazar, alimwambia. "Ya kwanza ni kinu kikubwa cha kusagia mawe. Nataka uongoze kikosi. Wanaume wanane, wakaidi kama nyumbu, na kinu chenyewe unakijua, hakimalizi wiki bila kuvunjika. Ya pili ni ulinzi wa Santa Eduvigis. Siku nne kule, siku kumi mapumziko. Mshahara uleule ulio nao. Kazi ni kukaa tu, wezi wa vyuma waone kuna mtu."

"Si yuko Wenceslao kule?"

"Ameacha. Nasikia amehamia kwa binti yake, La Serena. Hata kuaga hakuaga, mzee yule! Nipe jibu Ijumaa."

Jioni, wakinywa chai kwa mkate na parachichi, Nélida alimweleza dada yake Ercilia, mshonaji aliyekuwa akiishi naye. Ercilia aliweka kikombe chini.

"Miaka yote unanung'unika hawakupi kikosi. Leo wamekupa, unageuka kutazama ukuta."

"Nimechoka, dada. Magoti yananiuma. Mtu si punda."

"Kweli, mtu si punda. Ila sema ukweli: unaogopa wale wanaume watakucheka."

Nélida alikoroga chai yake kwa muda mrefu, na chai yenyewe haikuwa na sukari. Ijumaa ilipofika alitia saini karatasi ya pili.

Alifika Santa Eduvigis Jumatatu asubuhi, akapewa funguo na chumba kimoja kando ya tangi la maji. Mlinzi mwingine hakuwepo. Alizunguka mitaa, na vumbi likawa linakatika chini ya viatu vyake kama ganda la mkate. Kila kitu kilikuwa na vumbi hilo: madirisha, milango, hata kengele ya kanisa. Ndipo alipofika mbele ya jumba la sinema, akaona viti sita vya mbao vimepangwa barazani, kivulini. Viti hivyo vilikuwa safi. Mikono ya viti hivyo iling'aa kama ya viti vinavyokaliwa kila siku.

"Wenceslao alikuwa mtu wa usafi," alijisemea, akaketi kwenye cha mwisho na kikombe chake cha chai.

Kivuli kilikuwa kitamu. Alifumba macho kidogo tu. Alipoyafumbua, jua lilikuwa upande mwingine wa mtaa, na juu ya chai kulikuwa na utando wa vumbi mnene wa kuandikia kwa kidole. Hakukumbuka kulala, wala kuota. Siku ilikuwa imeondoka, basi, kama mgeni asiyeaga.

Siku nne zilimpita hivyo, akarudi nyumbani kupumzika. Alikuwa amepanga mengi: kupaka rangi jikoni, kwenda na Ercilia kuiona bahari, kumtembelea rafiki yake hospitalini. Alikaa kitini karibu na dirisha avue viatu.

"Nélida!" Ercilia alikuwa amemshika mabega. Uso wake ulikuwa umepauka. "Gari la kazini linapiga honi nje."

"La nini? Si nimefika sasa hivi?"

"Umefika siku kumi zilizopita. Umekaa hapo. Unakula nikikulisha, ukiulizwa unasema, 'Nitafanya, nikishapumzika.' Mdogo wangu, una nini? Usirudi kule."

Nélida alijitazama. Viatu vilikuwa bado miguuni. Hofu ilimpanda, lakini pamoja nayo, la kutisha zaidi, ilimjia hamu ya kile kivuli. Alichukua mfuko wake, akatoka bila kumtazama dada yake.

Zamu ile ya pili alijiapiza kwamba hatakanyaga barazani. Alijifungia chumbani hadi joto la adhuhuri likamtoa. Miguu ikampeleka yenyewe, kona baada ya kona, mpaka jumba la sinema.

Viti vitano vilikuwa na watu.

Walikaa wima, mikono magotini, wanaume watatu na wanawake wawili, wote wakitazama mtaa mtupu. Mmoja alivaa sare ya ulinzi ya mtindo ambao Nélida aliwahi kuuona kwenye picha za zamani tu. Hakuna aliyepepesa jicho. Kiti cha sita kilikuwa kitupu, na juu ya mgongo wake lilitundikwa koti la Nélida, lile aliloliacha nyumbani Calama.

Wa tano alimfahamu.

"Wenceslao?" aliuliza. "Wanasema uko La Serena, kwa binti yako."

"Nitakwenda," Wenceslao alisema pole pole. Chumvi nyeupe ilikuwa imeota juu ya viatu vyake, ikameza kamba, ikapanda hadi vifundoni. "Nikishapumzika. Kaa, mama. Hakuna haraka."

"Hakuna haraka," wenzake wakaitikia, kwa upole, kama watu wazoefu wa kuitikia sala.

Alitaka kukimbia. Badala yake akajikuta amekaa. Uchovu wa miaka kumi na tisa ulimlalia wote kwa pamoja. Jina la dada yake lilianza kumtoka akilini. Akalitafuta bila bidii, kama mtu atafutaye ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuihama. Miguuni alihisi ubaridi mdogo ukimtambaa. Hata hakuinama kuutazama.

Ndipo akaisikia pampu.

Ilikuwa pampu ya tangi la maji, kule nyuma ya chumba chake. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza. Beringi, sikio lake likasema. Beringi inajila. Alijaribu kutosikia, lakini kila mkwaruzo ulimchoma kama mwiba chini ya ukucha. Saa mbili zaidi na ekseli ile itakatika.

"Iache," alisema mwenye sare ya zamani. "Itanyamaza yenyewe."

"Itavunjika," Nélida alisema.

"Ikivunjika itanyamaza."

Maneno hayo yalimtia hasira, na hasira ikampa miguu. Mtu mzima anasikia mashine inakufa na kusema iache! Alijivuta mbele. Kitu kilivunjika chini ya viatu vyake kwa sauti ya vigae. Alisimama akiyumba, akapiga hatua, kisha akageuka.

"Wenceslao, njoo unishikie spana."

"Siwezi, mama. Nimechoka."

"Hujaulizwa kama umechoka. Wewe si ndiye uliyejitapa mgodi mzima kwamba hakuna winchi iliyowahi kukushinda? Leo umeshindwa na kiti? Inuka, mzee wa maneno matupu! Binti yako anakungoja!"

Nélida alimshika Wenceslao kiunoni, akavuta. Chumvi ilipasuka, na mzee akapiga ukelele wa uchungu kama mtoto mchanga atokaye tumboni. Wakaenda wakiegemeana.

Walifanya kazi mchana wote. Kofia ya pampu ilikuwa imeshikana kwa kutu, bolti moja ikakatika, grisi ikawapaka hadi viwikoni. Nélida alichubuka vidole vitatu. Wenceslao alishika spana, akatukana kwanza pole pole, halafu kwa ufasaha wake wa zamani. Saa kumi na moja maji yalipanda tangini, na pampu ikaguna sawasawa. Mzee alikaa chini akalia.

"Leo mwezi gani?" aliuliza.

Nélida alimwambia. Wenceslao alihesabu kwa vidole, akakosa vidole.

Kabla gari la kazini halijaja kuwachukua, Nélida alirudi barazani na spana mkononi. Aliwaita wale wanne mmoja mmoja, akawavuta, akawatukana, akawabembeleza. Walikuwa baridi na wazito kama mawe ya msingi. Mwanamke mmoja tu aligeuza macho kumfuata, na machoni mwake mlikuwa na maombi. Lakini alipovutwa mkono alisema, "Kesho." Nélida aliondoka akilia, na hajaacha kuyakumbuka macho yale hadi leo.

Don Baltazar alimpokea kwa mshangao. Mtu aliyepewa kikosi cha kinu alikuwa amekimbia baada ya siku tano. "Na Santa Eduvigis?"

"Pafunge. Weka uzio, weka mbwa, weka unachotaka. Usimweke mtu. Kikosi cha kinu nipe mimi."

Mwezi wa kwanza wa kinu ulikuwa moto wa makumbi. Mkanda ulichanika mara tatu. Wale wanaume wanane walimwita "bibi arusi" na kumfichia vifaa. Fundi mmoja alimwambia wazi, "Mama, hapa si jikoni." Nélida akamjibu, "Najua. Jikoni watu wanafanya kazi." Wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo yule fundi akawa anafika mapema. Ila magoti ya Nélida hayakupona, na mara nyingine alilala na ovaroli lake.

Lakini Jumapili zake zilirudi kuwa Jumapili. Alipaka jikoni rangi ya manjano. Alikwenda na Ercilia baharini, wakala samaki wa kukaanga, wakacheka mpaka wakatazamwa. Wenceslao aliwatumia picha kutoka La Serena: alikuwa chini ya gari bovu la binti yake, miguu tu ikionekana.

"Kazi yako ni mbaya, mdogo wangu," Ercilia alisema siku moja akimfunga kidole kilichopasuka. "Angalia mkono huu!"

"Mbaya sana," Nélida alikubali, akaangalia mkono, akautikisa aone kama unaweza kushika.

Uliweza. Na wale wanne barazani, kama bado wapo, hakuna anayewasumbua, hakuna anayewatuma, kivuli chao ni kile kile kitamu. Ndiyo maana wahenga, waliochagua kazi mbaya kuliko starehe nzuri, walinena wakamaliza: kazi mbi si mchezo mwema.