Oili Mpya ya Bwana Shemdoe

Siku mbili baada ya kubadilishwa oili, injini ya pikapu ya Bi Siwema, muuza machungwa, ilianza kugonga kama watu wanaotwanga kisamvu. Akaomba ivutwe kwa kamba hadi kwa Bwana Shemdoe, tajiri wa gereji aliyeifanya kazi ile.

“Usinisingizie!” Shemdoe alinguruma mbele ya wateja wake. “Oili chafu niliimwaga kwa mikono yangu, mpaka tone la mwisho.”

“La mwisho kabisa?”

“Haki ya Mungu!”

Bi Siwema akajitanda kanga vizuri. “Alhamdulillahi. Basi nipe pete yangu ya dhahabu. Ilinidondokea ndani ya injini nilipofungua kifuniko kukagua oili, kabla sijakuletea gari.”

Wateja wakageuka. “Kumbe mwizi!” akasema mmoja.

“Mwizi nani?” Shemdoe alifoka, jasho likimtoka. “Nati ya chini ya kumwagia oili sikuigusa! Niliongeza kikombe kimoja tu juu ya ile ile chafu!”

Wateja wawili wakaanza kudai funguo zao.

“Nisitiri, dada,” Shemdoe akabembeleza. “Injini naitengeneza leo hii, bure, na pete naitafuta.”

“Tengeneza injini, kaka. Pete usijisumbue.”

Akautoa mkono ndani ya kanga kumkabidhi ufunguo, na pete ikang'aa kidoleni.