Sogea Kwanza

Wapendwa, najua saa imekwenda na wengine mmeacha wali jikoni, lakini nipeni dakika chache niwape kisa cha mama mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja, akina mama sita hapa mbele watageuka kutazamana na mahubiri yatakuwa yameishia hapo. Tumwite Mwalimu, kwa kazi yake. Alikuwa anafundisha darasa la tatu katika mji mmoja kando ya ziwa, watoto tisini na mbili chumba kimoja, na yeye sauti yake moja.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Nataka mlishike hilo tangu mwanzo, msije mkamhukumu mapema mkajikuta mmejihukumu wenyewe. Alikuwa na marafiki watatu wa tangu ujana, na walikuwa na desturi yao: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikwenda kula nje. Si kwenye mahoteli ya wakubwa, hapana. Ni pale penye viti vya plastiki na kachumbari ya bure, unamiminiwa maji ya kunawa kwa birika, unakula ugali na sato wa kukaanga, mnacheka mpaka watu wa meza ya pili wanauliza kuna nini.

Aliyekuwa anawachekesha ni mmoja. Huyo tumwite Mama Minza. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, na mdomo wake ulishazoea kushindana na mitambo. Akikuigizia meneja wa kinu anavyokimbizwa na nyuki, unaweza kukabwa na mwiba wa samaki. Lakini ile mitambo ilikuwa inamla masikio kidogo kidogo, na siku alipoacha kazi, masikio nayo yakawa yameacha kazi. Ukimwambia jambo anasema, "Eh?" Unarudia. "Eh?" Unarudia tena kwa kupaza sauti, na hapo siri yako imeshasikika meza zote isipokuwa kwake.

Na mzaha, ndugu zangu, ukiurudia mara ya tatu unachacha. Basi Jumamosi moja wakasahau kumwambia. Jumamosi iliyofuata hawakusahau, ila hawakumwambia. Hakuna aliyeitisha kikao akasema Mama Minza asije. Hakuna aliyemchukia. Walichoka tu. Wakikutana naye njiani wanasema, "Mama Minza, umepotea sana, karibu bwana," utadhani alijipoteza mwenyewe.

Sasa mwaka ule ulikuwa mgumu kwa Mwalimu. Alimzika mama yake mwezi wa pili, na kwenye msiba yeye ndiye alikuwa wa kuwanyamazisha wengine, kwa hiyo yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kulia. Wenzake wawili wakamwonea huruma, mmoja muuguzi, mwingine ana duka la vitenge. Wakasema, shule zikifungwa twende kisiwani, tulale huko siku mbili, tule vizuri, tucheke kama zamani. Mwalimu akaanza kuhesabu siku. Alikuwa anakitamani kicheko kile kama mgonjwa anavyotamani uji.

Jumatano kabla ya safari akakutana na Mama Minza sokoni, kwenye meza ya nyanya. Mwalimu alikuwa amebeba kofia mpya, ile pana ya jua, na Mama Minza si mtu wa kuacha kofia ipite hivi hivi.

"Kofia hiyo ya wapi, mwenzangu? Mna safari?"

Angejibu nini? Mtu aliyelelewa vizuri akiulizwa hivyo ana jibu moja tu. "Tunakwenda kisiwani Ijumaa, meli ya saa tatu asubuhi. Karibu, twende wote." Alisema hivyo huku akigeuzageuza nyanya.

Karibu ya namna hiyo mnaijua. Unapita kwa mtu, unamkuta na sinia mbele yake, anasema, karibu chakula. Nawe unajibu, asante, nimeshiba, hata kama tangu asubuhi hujatia kitu kinywani. Yeye anajua, wewe unajua, mnaachana kwa heshima. Ni adabu yetu, wala siisemi vibaya. Lakini jaribu siku moja kunawa mikono na kuketi. Utaona macho ya wenye sinia yanavyotafutana.

Ijumaa saa mbili na nusu Mwalimu yuko bandarini na wenzake wawili, kofia kichwani. Mara bajaji ikasimama. Nani anateremka na lile begi la mistari tunaloliita shangazi kaja? Mama Minza. Amesuka nywele. Amebeba chapati zimefungwa kwenye kitambaa safi, bado za moto, za kuwatosha watu wanne na za kubakiza. Wapendwa, Mama Minza alikuwa amenawa mikono.

"Nimekuja," akasema.

"Karibu," wakajibu wote watatu, kama kwaya ambayo haikufanya mazoezi. Nasema hivyo bila kutazama upande wowote.

Kwenye meli wale watatu walipata benchi lao, na Mama Minza akakaa benchi la mbele yao, wameelekeana, begi kapakata magotini. Injini inanguruma, na wao wanajua masikio ya mwenzao, basi wakaongea kwa nafasi.

"Nani kamwambia?" mwenye duka akauliza.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Lakini nilimkaribisha kwa mdomo tu, jamani. Nani alijua atakuja kweli? Nilitaka siku mbili za kucheka, sasa nitashinda napaza sauti kama niko darasani."

"Na chumba kina vitanda vitatu," muuguzi akasema.

Walipokuwa wakisema hayo walikuwa wanamtazama Mama Minza na kumtabasamia, ili asijue. Naye akatabasamu. Akafungua kitambaa, akawapitishia chapati.

Walifika saa sita, njaa inauma. Pale karibu na gati kulikuwa na mgahawa wa mama mmoja, meza zimeegemezwa ukutani, kila meza na benchi moja. Benchi lile linatosha wanne wakibanana. Wale watatu wakaketi wakajinyoosha, na Mama Minza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu, akaenda meza ya pili peke yake. Mwenye mgahawa akaleta sahani tatu za samaki akaziweka. Ya nne akabaki nayo mkononi.

"Hii naiweka wapi?"

"Mwekee pale," Mwalimu akasema.

"Pale peke yake? Mmekuja pamoja au hamkuja pamoja?"

"Tumekuja pamoja, mama. Si tumemkaribisha?"

Yule mama akalitazama benchi, akawatazama wao. "Sisi huku mtu anasogea kwanza, ndipo anasema karibu. Ninyi mmesema karibu halafu mmekaa palepale. Sasa mwenzenu akalie nini, akalie neno?"

Mnafikiri Mwalimu alijisikiaje? Yeye anayewafundisha watoto wa watu kusalimia. Akainuka, akaipokea ile sahani, akaenda nayo meza ya pili. Njiani alishatunga la kusema, maana sisi watu wazima hatukosi la kusema. Akaiweka mezani, akamwinamia Mama Minza sikioni na kupaza sauti, "Tulidhani unapenda kukaa huku, unaliona ziwa vizuri."

Mama Minza akamshika mkono. "Usipige kelele, mwenzangu. Kelele ndizo zilizoniharibu. Nielekee, nitazame, useme polepole. Siku hizi nasikia kwa macho." Akavuta sahani yake karibu. "Kwenye meli mlinielekea."

Mwalimu akajiinua, akamtazama usoni. "Uliona nini?"

"Niliona unasema ulinikaribisha kwa mdomo tu. Mengine yalinipita. Hilo halikunipita." Alisema bila hasira, huku akitoa miiba. "Wala halikuwa geni. Nilijua tangu sokoni. Uliniambia karibu huku unatazama nyanya."

"Kama ulijua, mbona ulikuja?"

Hapo Mama Minza akaacha kula. "Nimekaa ndani mwaka mzima nangoja karibu ya kweli. Haikuja. Nikasema basi, ngoja niichukue hii ya uongo niende nayo. Huenda tukifika mbali uso wako utalifuata neno lako."

Mwalimu alitaka kusema samahani, na samahani haikutoka. Kilichotoka ni kilio. Kilio chote cha tangu mwezi wa pili, cha mama yake, cha uchovu, cha aibu, vyote kwa pamoja, amesimama palepale mezani, watu wanatazama. Mama Minza hakukisikia kilio kile, lakini alikiona. Akavuta begi lake akaliweka chini. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, akapapasa kwa kiganja mahali alipopaacha wazi.

Kisha akasema, "Karibu."

Mmeliona hilo, au limewapita? Aliyekuja bila kutakiwa ndiye aliyemkaribisha mwenyeji. Aliyenyimwa benchi ndiye aliyesogea.

Mengine nayafupisha. Wale wawili nao wakahamia na sahani zao, wakabanana wanne, na walipomaliza kula wakamgeuzia Mama Minza kiti cha mwenye mgahawa, akae akiwaelekea, awe anawaona wote nyuso. Haikupita nusu saa akaanza kuwaigizia, mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa wanamtabasamia kwenye meli. Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje. Na chumbani, vile vitanda vitatu vilivyokuwa havitoshi, walivisukuma pamoja vikatosha.

Sasa tuje kwetu, maana msije mkadhani nimewapeleka kisiwani kutembea.

Asubuhi hii tuliwaomba wageni wasimame. Tukawapigia makofi ya kilo, katibu akasema karibuni sana, jisikieni mko nyumbani. Ni desturi nzuri. Lakini hebu nikuulize, wale waliosimama mwezi uliopita wako wapi? Yule kijana wa shati la bluu aliyehamia huku kikazi, nani kati yetu anajua anakula wapi Jumapili? Tulimwambia ajisikie yuko nyumbani, kisha kila mmoja akaenda nyumbani kwake.

Siwagombezi. Ningekuwa nawagombeza ningeanza na mimi, na ngoja nianze na mimi. Wageni waliposimama leo, nilisema karibuni huku nasoma karatasi ya matangazo. Hizo ndizo nyanya zangu. Wewe zako unazijua.

Na tunapoomba tunasema, karibu Bwana, karibu katikati yetu, tunafumba macho, tunapendeza. Tumeshawahi kufikiri kwamba anaweza kuwa kama Mama Minza? Kwamba midomo yetu haimshughulishi sana, anatutazama usoni, anajua kabisa karibu yetu ni ya adabu tu, na bado anakuja na chapati zake za moto, kwa matumaini kwamba uso utalifuata neno? Na akija, atapita wapi? Maana mimi nikisimama hapa juu nawaona. Kila benchi mmekaa mwishoni, magoti nje, mikoba pembeni, katikati kweupe. Mtu akichelewa inabidi aombe radhi kwa magoti sita ndipo apate pa kukaa. Wengi hawaombi. Wanabaki mlangoni.

Kuna mama aliyesimama pamoja na wageni leo. Yuko kule nyuma kwenye kiti cha plastiki tangu ibada ianze, mtoto mgongoni, mkoba kapakata. Msigeuke wote kumtazama, mtamtia aibu. Na wala siwaombi mpige makofi tena, makofi tumeshapiga.

Benchi la nne, nawasema ninyi. Sogeeni kwanza.