Akikosa Mara Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mihuri ya mpira ilikwisha kuwapo na karatasi za mistari zilikwisha kuwapo, shule kumi na mbili za milimani zilitaka kuwa na umoja. Kila shule ilikuwa na baraza lake la wanafunzi, na kila baraza lilikuwa na shida yake, na kila shida ilikuwa imeandikiwa barua, na hakuna barua iliyojibiwa. Wakasema, tukisema pamoja tutasikika.

Afisa Elimu akakubali kuwasikiliza. Atakuja mara moja kwa mwaka, atapokea hoja kumi na moja, kila kiti hoja moja, kisha ataondoka.

"Ya kumi na mbili msiniletee," alisema. "Na mimi ni mtu, nachoka."

Basi viti vikawa kumi na moja na shule kumi na mbili. Wakachagua kwa vikaratasi. Shule ya Mianzini ikabaki nje, ikaambiwa iketi kwenye benchi la watazamaji, ingoje kiti kitakachoachwa wazi.

Umoja ukataka katiba. Kalamu akapewa Subilaga, dada mkuu wa shule ya Majanini, msichana mwenye mwandiko wa kupendeza na mwenye kumcha Mungu, ila alikuwa mwepesi wa kuchoka kuliko alivyoonekana. Wakamfanya katibu. Kiti cha Majanini akakikalia mwenzake, Lusajo.

Kamati ilikaa siku mbili. Mwalimu Ambakisye, mlezi wa umoja, alikuwa akitamka na Subilaga akiandika kwa penseli. Ibara ya tisa iliwakausha midomo. Huyu anataka mjumbe mtoro afukuzwe, yule anasema kuna utoro na kuna dharura. Mwisho wakakubaliana hivi: "Mjumbe akikosa kikao mara tatu kwa makusudi, shule yake itapoteza kiti." Wakaitikia wote, wakaenda zao.

Jumamosi Subilaga akakaa kunakili kwa wino. Alikuwa ametoka zamu ya kusugua masufuria, vidole vimevimba. Ukurasa wa pili, kuanzia ibara ya kumi, alikuwa ameuandika jana yake na umejaa; sasa akanakili ibara ya kwanza hadi ya nane. Ya tisa ikamkuta chini kabisa ya ukurasa, pamebaki mstari mmoja. Sentensi ilikuwa ndefu. Ukurasa mwingine maana yake karatasi nyingine, na karatasi ziko ofisini, na ofisi iko juu kileleni.

Akaitazama sentensi. Kikao? Kila mtu anajua tunazungumzia kikao. Kwa makusudi? Nani atakosa mara tatu bila kukusudia? Akaandika: "Mjumbe akikosa mara tatu, shule yake itapoteza kiti." Ikaenea barabara. Akamshukuru Mungu, na ile karatasi ya penseli akaiwashia jiko.

Siku ya kuipitisha, ukumbi ulikuwa na njaa. Harufu ya wali ilikuwa inaingia kwa kila dirisha. Mwenyekiti Lugano, kijana mrefu mwenye sauti ya kwaya, akasoma ibara moja baada ya nyingine kwa haraka. Alipofika ya tisa akasimama mjumbe wa shule ya Ng'ambo, jina lake Anyosisye.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza. Akikosa nini? Akikosa kikao, au akikosa adabu?"

"Akikosa wali, kaka," mtu akasema kwa nyuma. "Keti tusikose wote."

Ukumbi ukacheka. Lugano naye akacheka. "Kukosa ni kukosa, ndugu mjumbe. Tuendelee."

Anyosisye akaketi. Subilaga alikuwa pale pale mbele, kalamu mkononi, na jibu analijua. Lakini kulisema kulikuwa jambo la kusimama na kueleza, na kueleza kulikuwa na maswali yake. Akainamisha kichwa. Wakanyoosha mikono, ikapita. Mwalimu Ambakisye akatia sahihi, miwani yake iko mfukoni. Muhuri ukagongwa. Wakaenda kula.

Sasa sikilizeni vikao vilivyokwenda.

Kikao cha kwanza, mto ulijaa. Shule ya Ng'ambo iliitwa Ng'ambo kwa sababu hiyo hiyo, iko upande wa pili wa mto, na daraja lake ni magogo mawili. Anyosisye alifika ukingoni akayakuta magogo yamekwenda na maji. Akarudi.

Kikao cha pili, baba yake alikuwa amefariki. Anyosisye alikuwa mkubwa wa watoto. Akabaki kuchimba kaburi.

Kikao cha tatu, mto ulikuwa mdogo na msiba umekwisha. Aliamka, akavaa shati, akaketi kitandani kufunga viatu, na hapo hapo akaona hawezi. Hakuwa mgonjwa. Alichoka. Akavua kiatu kile kimoja alichokwisha kuvaa, akalala.

Kikao cha nne alikuja. Kikao cha tano alikuja.

Na Tumpe je? Tumpe alikuwa msichana wa Mianzini, yule wa benchi la watazamaji. Kikao cha kwanza alikuja. Cha pili alikuja. Cha tatu alikuja, kuna mvua. Cha nne alikuja, anaumwa jino. Cha tano alikuja. Hana kura, hana sauti, hana hata mahali pa kuwekea daftari. Akifika anafagia ukumbi, akiondoka anakusanya vikombe. Hakuna aliyemwagiza.

Kikao cha sita ndicho chenyewe. Siku hiyo Afisa Elimu atafika saa nane mchana. Asubuhi Lugano akafungua katiba, akasema kwa sauti kavu, "Ibara ya tisa. Mjumbe wa Ng'ambo amekosa mara tatu. Kiti kiko wazi. Mianzini, karibuni."

Tumpe akainuka kwenye benchi. Alikuwa hajafika kwenye kiti Anyosisye alipoingia, suruali imelowa hadi mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Naona dada amekwenda kukaa kwangu."

"Marahaba," Mwalimu akajibu polepole. "Kaa kwanza pembeni, mwanangu. Kuna maneno."

Akaelezwa. Akasikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, maji yanamchuruzika sakafuni.

"Mimi sikatai," akasema. "Mara tatu sikuwapo. Lakini kukosa nimekosa mara moja. Mto si kosa langu. Baba si kosa langu. Kulala ni kosa langu, hilo nalibeba. Sasa mnihesabie moja, si tatu. Wanafunzi wa kidato cha nne wa kwetu hawana kituo cha mtihani. Wanavuka ule mto kwenda kufanyia shule ya jirani. Mwaka jana wasichana wawili walifika nguo zinachuruzika, karatasi ya hesabu imeshakusanywa. Hoja yangu ni kituo. Ikipita leo, mwaka huu hawavuki. Isipopita, watavuka."

Tumpe hakuketi wala hakurudi nyuma.

"Pole na msiba, kaka Anyosisye," akasema. "Mimi nisingependa kukalia kiti chenye matanga. Lakini kwetu Mianzini wako wanafunzi saba wasioona. Mashine ya nukta nundu ilikuwa moja, ikafa. Sasa wanasikiliza tu, hawaandiki, na mtihani hauandikwi kwa masikio. Wakinisikia narudi wananiuliza, leo umesema? Nawaambia, bado niko kwenye benchi. Mara tano nimewaambia hivyo. Katiba ilisomwa mbele yetu wote. Inasema akikosa mara tatu. Mimi sikukosa hata mara moja, kwa maana yoyote mtakayolipa hilo neno."

Kisha mtu akasema, "Tupige kura," kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

"Haiwezekani," Lugano akajibu akifunua kurasa. "Ibara ya kumi na nne. Neno likileta ubishi halipigiwi kura. Katibu ataeleza lilivyokusudiwa." Akageuka. "Dada katibu. Lilikusudiwa nini?"

Subilaga akahisi macho yote yamemwangukia. Ajabu ni kwamba hakuogopa sana. Alikuwa amechoka na lile jambo tangu siku ile ya wali. Kila Jumapili kanisani, ikifika sala ya toba, husema nimekosa, na neno likitoka tu huiona ibara ya tisa chini ya ukurasa. Akisema nimekosa mbele za Mungu, hakuna anayedhani anaomba radhi kwa kutokuja ibadani. Kumbe neno moja lina nyumba mbili, naye ndiye aliyeziacha zote mbili wazi kwa sababu ya uvivu wa kupanda kilima.

Angeweza kusema lilikusudiwa hivi, au hivi, na nani angethibitisha vingine? Karatasi ya penseli ilikuwa majivu.

"Tuliandika akikosa kikao mara tatu kwa makusudi," akasema. "Kamati yote tuliandika hivyo. Mimi niliyakata maneno wakati wa kunakili, ili sentensi ienee. Kaka Anyosisye alipouliza, nilijua jibu nikanyamaza. Mnisamehe."

Hakuna aliyemzomea. Labda ingekuwa nafuu.

"Kwa hiyo ni mara moja," Anyosisye akasema. "Niliuliza mimi. Mkacheka."

"Nilicheka," Lugano akakiri, akijisugua uso kwa viganja. "Nilisema kukosa ni kukosa kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Nami nilikuwa kwenye kamati. Ningekumbuka kama ningetaka kukumbuka."

Mwalimu Ambakisye akatoa miwani mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Miaka ishirini na mitatu natia sahihi, wanangu. Nikisoma kila ninachotia sahihi sitafundisha. Hiyo ndiyo hali. Lakini jina lililo pale chini ni langu."

"Wote mmekosa, na wote mmesameheana," Tumpe akasema taratibu. "Ni vizuri. Lakini niulize. Maneno aliyoyakata dada katibu, nani aliyapigia kura? Ukumbi huu haukuyasikia. Tuliyoyanyooshea mikono ni haya yaliyo na muhuri. Mimi nimekuja mara sita kwa ajili ya haya. Kama katiba ni ile iliyokuwa moyoni mwa katibu, basi mngetuambia mapema tukae nyumbani."

Anyosisye akamtazama. "Dada, ungekuwa wewe ng'ambo ya ule mto ungesema hivyo?"

"Ningekuwa mimi ningevaa kile kiatu cha pili," Tumpe akasema. Kisha akaongeza chini chini, "Nisamehe. Najua ulikuwa na msiba."

Hapo Subilaga akasimama tena. Alikuwa ameona njia, nayo ilimwondolea uzito kifuani. "Kosa ni langu," akasema. "Ng'ambo wasiondoke, na Mianzini wasirudi kwenye benchi. Majanini tutaacha kiti chetu. Mimi ndiye niliyekata maneno, shule yangu ndiyo ikae nje."

Lusajo alikuwa kijana wa maneno machache. Aliinuka kwenye kiti cha Majanini akiwa ameshika daftari lake.

"Dada mkuu, nakuheshimu," akasema. "Lakini kosa ni lako, kiti ni chetu. Darasa la kidato cha kwanza lina ufa, mkono unapita. Wanafunzi sabini wanakaa chini ya ukuta ule kila siku, nawe unaujua, umeupitia leo asubuhi. Ukitaka kutubu, tubu kwa kitu chako. Usitubu kwa ukuta wa watoto wa watu."

"Kitu changu ni kipi, Lusajo? Mimi hapa sina kiti."

"Hilo nalo ni gumu," Lusajo akasema, akaketi.

Subilaga akabaki amesimama. Njia aliyoiona haikuwa wazi kama alivyodhani. Alijiuliza kama alitaka kweli kuwasaidia wale wawili, au alitaka tu moyo wake utulie Jumapili kwenye sala ya toba. Akaomba moyoni, sala fupi isiyo na maneno mazuri. Hakusikia jibu. Alisikia gari.

Afisa Elimu akaingia na vumbi lake, akapewa maji, akanywa glasi nzima bila kupumua. Alikuwa ametoka kwenye mkutano mwingine na alikuwa anakwenda kwenye mwingine. Akaketi, akafungua daftari, akaandika moja hadi kumi na moja pembeni ya ukurasa. Wala hakuacha nafasi chini.

"Nisomee, binti," akamwambia Subilaga. "Jina la shule kwanza, hoja baadaye. Jina nikishaliandika silifuti."

Subilaga akaishika orodha yake. Shule tisa zilikuwa zimeandikwa. Mistari miwili ilikuwa mitupu, na shule zilizobaki zilikuwa tatu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma polepole, hadi ya tisa. Afisa akaandika zote. Kisha akangoja, kalamu juu ya namba kumi.

Mbele yake alisimama Anyosisye, aliyeuliza swali akachekwa, na aliyelala siku moja ambayo mto ulikuwa mdogo. Kando yake alisimama Tumpe, ambaye hakukosa hata siku moja, na ambaye alikuwa akishika neno lililoandikwa kwa sababu hakupewa jingine la kushika. Nyuma yao aliketi Lusajo, ambaye hakukata neno wala hakulala, na ambaye ukuta wake haukujua kosa la katibu.

Lugano akatazama chini. Mwalimu akatazama dirishani.

"Endelea, binti," Afisa akasema. "Nami nimechoka."

Subilaga akafungua mdomo.

Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza, na ninyi pia mmechoka, najua. Lakini yeye amefungua mdomo na hawezi kuufunga bila kutaja majina mawili. Mto wa Ng'ambo, masikio ya Mianzini, ufa wa Majanini. Je, nani alistahili kuachwa nje?