Sikitu na Kambare Mwenye Masharubu

Usinibetulie midomo, wewe uliyekaa karibu na jiko! Kambare wenyewe unawajua sahanini tu. Sikiliza.

Zimwi lilijitwalia bwawa, kijiji kizima kikalala njaa. Sikitu, mjane mvuvi, akalifuata nyumbani kwake.

"Shika kambare wangu mara tatu," zimwi likamwambia. "Ukishinda, bwawa lenu. Akikuponyoka hata mmoja, nakutafuna."

Sikitu akachota majivu jikoni, akajipaka viganjani. Zimwi likamrushia kambare mnene kama mkono. Akamkaba nyuma ya miiba ya mapezi. Likamrushia mwingine, mnene kama paja, akamkaba vilevile. Mara ya tatu zimwi lenyewe likajigeuza kambare, masharubu yananing'inia, likamtelezea miguuni. Akalikaba papo hapo.

"Legeza kidogo, bibi," likakoroma, "niseme neno la kunirudisha uzimwini!"

"Ulipokuwa zimwi nilikuogopa, bwana. Kambare nimewashika tangu sijaota meno."

Akamsugua majivu hadi utelezi ukaisha, akampasua, akampika kwa ndimu na pilipili. Akamla, hata kichwa akakifyonza. Kisha akanawa, akatoka kwenda kuwaita wenzake bwawani, akaufunga mlango.