Kwa Nini Hori Letu la Maji Huvaa Kaniki

Nani kasema hori letu chafu? Wewe, Mwaja? Hebu sogea hapa, na wewe uliyecheka usogee. Hicho kitambaa cheusi mnachokicheka kina mwenyewe.

Zamani, kabla ya bibi yangu kuzaliwa, mahori ya hapa mbugani yalikuwa meupe pe. Visima vyetu ni vya chumvi tangu enzi, basi watu walimimina maji kwenye hori, wakalifunika kwa ulanga, lile jiwe jembamba linalopitisha mwanga. Jua likipasha, mvuke ulipanda, ukagota kwenye ulanga, ukachuruzika matone matamu hadi kwenye kibuyu. Lakini mahori waliyapaka chokaa kila mwezi, wakiamini maji safi hayatoki kwenye weusi. Mfiwa aliyevaa kaniki hakuruhusiwa hata kuyakaribia. Jua likizama, matone yalikoma, na kila nyumba ilipata kikombe kimoja tu.

Mwaka wa ukame mkubwa, Sechelela alifiwa na mumewe. Alibaki na binti mmoja wa miaka minne, Nyemo, naye akashikwa na homa. Kikombe kimoja, jamani, kwa mtoto anayeungua!

Siku hizo Sechelela alisimama mbali na mahori, akingoja kuletewa fungu lake, na kaniki ikamchoma mgongo kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa. Jioni moja aligusa mafiga yake meusi, yaliyokaa uani bila moto tangu msiba. Yalikuwa bado na joto la mchana. Akaenda kwa Mzee Chilewa, mlinzi wa mahori.

"Baba, niruhusu niweke mafiga na kaniki yangu kwenye hori moja tu. Weusi unakula jua. Mwanangu anakauka."

"Msiba ndani ya maji? Binti, utatuua sote. Maliza matanga kwanza."

Kesho yake alirudi, akakataliwa tena. Siku ya tatu hakuomba. Alivua kaniki, akabaki na kipande cha ngozi kiunoni, akapanga mafiga ndani ya hori na kutandika nguo juu yake, ikanywa yale maji ya chumvi. Watu walipiga kelele. Mzee Chilewa akainua fimbo, kisha akaishusha, maana matone yalikuwa yanafuatana mbio. Jua likazama, nayo yakaendelea, kwa sababu mafiga yalikuwa yameweka joto. Kibuyu kikajaa hadi shingoni.

Sechelela alikimbia nacho nyumbani. Nyemo alikuwa ameshakata roho, midomo imepasuka. Maji yale akamwoshea mwanawe. Naona uchungu kila nikilisema hili.

Mzee Chilewa alikuja akapiga magoti mlangoni. "Mama," alisema, "siku mbili. Nilikunyima siku mbili."

Na tangu siku hiyo, hori la kwetu halipakwi chokaa. Mfiwa akimaliza matanga, kaniki yake hutandikwa humo, juu ya mafiga. Na matone yanayodondoka jua likishazama hayanywewi na mtu mzima, hata awe na kiu ya kufa. Ni ya mtoto mdogo kuliko wote.

Haya, Mwaja, jua limezama. Kampelekee mdogo wako. Shika kibuyu kwa mikono miwili.